Chuma Kinaporudi Baada ya Kukunjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bati na Bomba

Umekunja bati digrii 90, mashine imesoma 90, umeachia, kipimapembe kinakuambia 88. Au umepinda bomba la kiti, ukaliweka juu ya mchoro sakafuni, miguu imepanuka. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojirudia kwenye karakana, kuanzia kwa anayepinda kwa mkono hadi kwa mwenye mashine ya kompyuta. Pembe zote humu zinahesabiwa kuanzia kwenye kipande kilichonyooka: bati lililonyooka lina 0, kona ya mraba ina 90. Kiasi ambacho kipande kinafunguka baada ya kuachiwa tutakiita mrudio.

Kwa nini chuma kinarudi?

Ukikunja bati, upande wa nje unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Katikati kuna tabaka ambalo halivutwi wala halibanwi, na jirani na tabaka hilo mkazo ni mdogo mno kiasi kwamba chuma cha pale hakijakubali umbo jipya. Kikiachiwa, kinataka kunyooka. Hata matabaka ya nje, ambayo yamekwisha kubali, yamebaki na unyumbufu kidogo ndani yake. Unapoachia, vyote hivyo vinasukuma upande mmoja na kipande kinafunguka mpaka nguvu za ndani zisawazike.

Kwa hiyo mrudio si dalili ya mashine mbovu wala ya chuma kibaya. Kila metali inarudi. Unachoweza kufanya ni kuujua mapema na kupitiliza pembe kwa kiasi hicho.

Nipeni namba tu: nipitilize digrii ngapi?

Kwa bati lililokunjwa kwenye mdomo wa V (mfereji wa kifaa cha chini cha mashine), ambapo nusu kipenyo cha ndani kinakaribiana na unene wa bati, na pembe ni 90: chuma laini hurudi takriban digrii 0.5 hadi 2, alumini ya kawaida 1.5 hadi 2, steinlesi 2 hadi 3. Vyuma vya nguvu kubwa vinavyotumika kwenye fremu za magari na matela vinaweza kuzidi 10.

Zichukue namba hizi kama pa kuanzia, usizifanye sheria. Ukibadili nusu kipenyo tu, bati lilelile kutoka shiti ileile linaweza kurudi mara thelathini zaidi, na hesabu ya swali la nne itakuonyesha hivyo. Majedwali yanayozunguka kwenye simu za mafundi yana kasoro moja kubwa: yanataja metali na pembe, halafu yananyamaza kuhusu nusu kipenyo na unene. Jedwali la namna hiyo ni bora ulifute.

Ni mambo gani yanaamua mrudio?

Manne, na yanafanya kazi kwa pamoja.

La kwanza ni kikomo cha chuma, yaani mkazo ambao chuma kikiufikia kinaanza kukubali umbo jipya. Chuma laini cha kawaida kina kikomo cha takriban MPa 250 (megapaskali, kipimo cha mkazo). Kikomo kikipanda, mrudio unapanda.

La pili ni ukakamavu wa metali, unaoitwa moduli ya Young. Chuma kina takriban MPa 200,000, shaba takriban 117,000, alumini takriban 70,000. Huu ukipanda, mrudio unashuka. Wengi huusahau kwa sababu hauonekani wala hauandikwi kwenye risiti ya duka.

La tatu na la nne ni nusu kipenyo cha mkunjo na unene wa bati. Kona kali kwenye bati nene hurudi kidogo. Mkunjo mpana kwenye bati jembamba hurudi sana, kwa sababu sehemu kubwa ya unene haijafikia kikomo kabisa.

Njia ya kukunja, mwelekeo wa nyuzi za bati na joto vina mchango pia, lakini hivyo vinne ndivyo vinavyobeba uzito.

Kuna fomula?

Ipo, na inatosha kwa kazi nyingi. Mtafiti Gardiner aliichapisha mwaka 1957 na bado inafundishwa vyuoni:

Ri ÷ Rf = 4x³ − 3x + 1, ambapo x = (Ri × Y) ÷ (E × T)

Ri ni nusu kipenyo cha ndani kipande kikiwa bado kimebanwa, Rf ni nusu kipenyo baada ya kuachia, Y ni kikomo cha chuma, E ni moduli ya Young, T ni unene. Tumia milimita na MPa, usichanganye na inchi.

Tuchukue chuma laini cha mm 2, Y 250, E 200,000. Kona ya nusu kipenyo mm 3: x inatoka 0.0019, uwiano unatoka 0.994. Mkunjo wa 90 unapoteza takriban nusu digrii.

Sasa bati lilelile liviringishwe kwa nusu kipenyo cha mm 100, kama anayetengeneza bomba la moshi. x inakuwa 0.0625, uwiano 0.81. Ukiachia, nusu kipenyo kinakuwa takriban mm 123, na mkunjo wa 90 unabaki na 73 tu. Digrii 17 zimepotea kwenye chuma kilekile kilichorudi nusu digrii pale juu. Ndiyo maana anayeviringisha matangi hulazimika kubana rola kupita kipimo, tena na tena, na anayekunja kona za kabati hana wasiwasi huo.

Kwa x ndogo unaweza kuiacha sehemu ya 4x³. Inabaki kanuni ya kukumbuka kichwani: sehemu inayopotea ni 3 × Ri × Y ÷ (E × T).

Alumini ni laini kuliko chuma. Mbona inarudi zaidi?

Kwa sababu ya E. Alumini ya 5052 iliyokazwa kiasi (H32) ina kikomo cha takriban MPa 193, chini ya chuma laini. Lakini ukakamavu wake ni theluthi moja tu ya ule wa chuma. Ukiingiza namba hizo kwenye bati la mm 2 na nusu kipenyo mm 3, unapata mrudio wa digrii 1.1 kwenye mkunjo wa 90, mara mbili ya chuma laini.

Kinachoangaliwa ni uwiano wa Y kwa E. Ulaini unaousikia mkononi unapokunja haukuambii lolote kuhusu mrudio.

Mafundi wa friji na viyoyozi wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Bomba la shaba lililolainishwa, lile linalouzwa limeviringishwa, halirudi karibu kabisa kwa sababu kikomo chake kiko chini sana. Bomba la shaba lililonyooka na kukazwa kiwandani linarudi waziwazi. Moduli ni ileile. Kilichobadilika ni kikomo.

Nimeingiza namba za steinlesi kwenye fomula nikapata digrii 0.6, lakini karakanani inarudi 2 au 3. Fomula ina makosa?

Fomula inafanya kazi kwa namba uliyoipa. Tatizo liko kwenye Y.

Steinlesi ya 304 inaanza kukubali umbo kwenye takriban MPa 200 hadi 300, karibu sawa na chuma laini. Lakini inakazika haraka sana inapokunjwa. Bati la mm 2 kwenye nusu kipenyo cha mm 3 linavutwa kwa asilimia 25 kwenye ngozi yake ya nje, na kwa mvuto huo mkazo wa 304 umeshapita MPa 600. Mrudio unatokana na mkazo uliopo wakati wa kuachia. Mkazo wa mwanzo haukusaidii hapo. Ukiweka 600 badala ya 290, hesabu inapanda hadi karibu digrii 1.3.

Kinachobaki kinatoka sehemu mbili. Kwanza, steinlesi ikikunjwa hewani, yaani bila bati kufikishwa chini ya V, haifuati ncha ya panchi (kifaa cha juu kinachosukuma bati): inajitengenezea nusu kipenyo kikubwa kuliko chuma laini kwenye mdomo uleule wa V. Kwa chuma laini nusu kipenyo hicho ni kama asilimia 16 ya upana wa V, kwa steinlesi ni kama asilimia 20 au zaidi. Pili, yale mabawa mawili kati ya panchi na mabega ya dai (kifaa cha chini chenye V) nayo yamepinda kidogo kwa unyumbufu, na fomula haiyahesabu.

Kwa hiyo kwa metali zinazokazika haraka, usiingize kikomo kilichoandikwa kwenye cheti peke yake. Ingiza mkazo wa katikati ya safari, ukishindwa kuupata, kunja kipande cha majaribio na umalize ubishi.

Hesabu ya bomba ni ileile?

Wazo ni lilelile, umbo ni tofauti. Kwa bomba la duara lenye ukuta mwembamba, sehemu ya pembe inayopotea ni takriban:

2.55 × R × Y ÷ (E × D)

R ni nusu kipenyo hadi katikati ya bomba, D ni kipenyo cha bomba kikipimwa katikati ya ukuta. Kwa bomba la mraba badili 2.55 iwe 2.25, na D iwe upana wa upande.

Angalia kilichokosekana: unene wa ukuta haumo. Fundi anayetoka kwenye ukuta wa mm 1.2 kwenda mm 1.5 kwa bomba la kipenyo kilekile hutarajia mrudio upungue kama ilivyo kwenye bati. Haupungui kwa maana yoyote. Ukuta mnene unahitaji nguvu zaidi kuupinda, lakini pia ni mkakamavu zaidi, na hivyo viwili vinafutana. Kinachobadilisha mrudio wa bomba ni kipenyo, nusu kipenyo cha mkunjo na kikomo cha chuma. Ukuta unaamua jambo jingine: kama bomba litabonyea au halitabonyea.

Mfano wa fremu ya kiti cha shule: bomba la inchi moja, ukuta mm 1.5, kwa hiyo D ni takriban mm 24. Chuma cha bomba la mshono kimeshakazwa kidogo kiwandani lilipoviringishwa, basi tuweke Y 300. Mkunjo wa R 100 unapoteza asilimia 1.6, yaani digrii 1.4 kwenye 90. Mkunjo wa R 300, kama mgongo wa kiti cha kuegemea, unapoteza digrii 4.3. Karakanani utaona kidogo zaidi ya hapo, kwa sababu chuma kinakazika zaidi kinapopindwa.

Mashine yangu ya bomba inaniomba "mrudio wa pembe mbili". Niweke nini?

Hii ndiyo njia bora kuliko zote kwenye ukurasa huu, na huhitaji mashine ya kompyuta kuitumia. Mrudio wa bomba kwenye nusu kipenyo kimoja hufuata karibu mstari ulionyooka: kuna sehemu isiyobadilika, halafu kuna sehemu inayokua kadiri pembe inavyokua. Mstari unahitaji nukta mbili tu.

Pinda kipande kwa pembe ndogo, kingine kwa pembe kubwa, vyote kutoka kwenye bomba la kazi yenyewe. Tuseme umeagiza 30 ukapata 28.2, umeagiza 120 ukapata 115.9. Mrudio ni 1.8 na 4.1. Tofauti yake ni 2.3 katika digrii 90, yaani 0.0256 kwa kila digrii. Sehemu isiyobadilika ni 1.8 toa (30 × 0.0256), ambayo ni takriban 1.03.

Unataka 90 kamili. Chukua 90, ongeza 1.03, gawanya kwa (1 − 0.0256). Inatoka 93.4. Agiza 93.4.

Anayefanya jaribio moja tu, la 90, halafu akagawanya kwa uwiano ili apate pembe nyingine, atapata 45 yenye kasoro na 20 yenye kasoro kubwa zaidi. Ile sehemu isiyobadilika haigawanyiki: ni ileile kwenye pembe ndogo na kubwa. Nimeona mikono ya ngazi ikikataa kukaa kwenye nguzo zake kwa sababu hiyo tu, huku mikunjo ya 90 ikiwa safi kabisa.

Ukibadili kipenyo, nusu kipenyo au msambazaji wa bomba, rudia vipande viwili. Ni bomba la chini ya mita moja unalopoteza.

Pembe nimeipata, lakini kipande bado hakikai kwenye jigi (fremu ya kupangia vipande). Kwa nini?

Kwa sababu nusu kipenyo nacho kimekua. Bomba halibadilishi urefu wa upinde wake linapofunguka. Pembe ikipungua kutoka 93.4 hadi 90, nusu kipenyo kinapanuka kwa uwiano huohuo. Dai ya bomba (gurudumu linalozungushiwa bomba) ya mm 100 inakupa mkunjo wa karibu mm 103.8. Kwenye kiti hakuna atakayejua. Kwenye bomba la ekzosi lenye mikunjo mitano mfululizo, kila mkunjo unaisukuma ncha mbali kidogo, na mwisho wa safari bomba linagonga chesisi.

Kwa kazi kama hiyo, pima nusu kipenyo halisi baada ya kuachia na ukitumie kwenye hesabu za urefu. Usitumie kile kilichochongwa kwenye dai.

Kukunja hewani, kugonga chini, na kubana kabisa: ipi inarudi kidogo?

Hewani panchi inashuka bila kulifikisha bati chini ya V. Mrudio wote unabaki, unaufuta kwa kushusha panchi zaidi. Faida yake ni kwamba dai moja inakupa pembe yoyote.

Kugonga chini kunalilaza bati kwenye kuta za V, na mrudio unapungua sana. Ndiyo maana utakuta panchi zilizochongwa 88 kwa ajili ya kona ya 90 (pembe ya kifaa hupimwa ndani ya kona, kwa hiyo 88 hiyo ni mkunjo wa 92 kwa hesabu yetu): zile digrii mbili ni mrudio uliokwisha kutabiriwa na aliyetengeneza kifaa.

Kubana kabisa kunamaanisha ncha ya panchi kuzama kwenye bati na kulipunguza unene pale konani. Tabaka la katikati nalo linalazimishwa kukubali, na mrudio unakaribia sifuri. Gharama yake ni nguvu ya mara tano hadi nane au zaidi ya ile ya hewani. Mashine nyingi za karakana ndogo hazikujengwa kwa mzigo huo, na anayejaribu kwenye bati nene anapinda boriti ya mashine kabla ya bati.

Bati la jana na la leo ni geji moja, duka moja. Mbona pembe zinatofautiana?

Pima unene kwa venia kabla ya kulaumu mrudio. Geji yenyewe ina utata: geji 16 ya kipimo cha Uingereza ni mm 1.63, ya chuma kwa kipimo cha Marekani ni mm 1.52. Na kiwanda kinaruhusiwa kupanda au kushuka kidogo.

Kwenye kukunja hewani tofauti hiyo inauma. Kwa V ya mm 16, kosa la mm 0.1 kwenye kina cha panchi linahamisha pembe ya kona ya 90 kwa karibu robo tatu ya digrii. Bati likiwa jembamba kwa mm 0.1, panchi iliyosimama palepale inakuwa haijalifikia vya kutosha. Hapo unapata pembe pungufu kabla mrudio haujaanza kazi. Malalamiko mengi kuhusu "chuma kinachorudi" ni malalamiko ya unene, na hakuna fomula itakayoyatibu.

Ukikuta unene uko sawa, tazama kikomo. Cheti cha kiwanda kinachoruhusu "si chini ya MPa 250" kinaweza kufunika chuma cha 260 na cha 340. Vyote ni halali, na vya pili vinarudi theluthi moja zaidi. Mwisho tazama mwelekeo: vipande vilivyokatwa kwa urefu wa shiti na vilivyokatwa kwa upana wake havirudi sawasawa. Katika kazi ya vipande vingi, vikate vyote kwa mwelekeo mmoja. Mkunjo unaovuka nyuzi pia haupasuki kirahisi, na kwa alumini hiyo ni sababu kubwa kuliko mrudio.

Nikijaza bomba mchanga, mrudio unapungua?

Hapana. Mchanga, na mandreli (nondo inayoingizwa ndani ya bomba) kwenye mashine, kazi yake ni kuzuia bomba lisibonyee na ukuta wa ndani usikunjamane. Bomba lililobaki duara hurudi kwa kiasi kinachotabirika, hiyo ndiyo faida pekee kwa upande wa mrudio. Bomba lililobonyea limepoteza kipenyo katika mwelekeo wa mkunjo, na hesabu zako zote zilijengwa juu ya kipenyo. Ukitumia mchanga, uwe mkavu kabisa, hasa kama utatia moto. Unyevu uliofungiwa ndani ya bomba linalopashwa unakuwa mvuke, na kizibo kinaruka.

Kinachopunguza mrudio kweli ni kuvuta. Ukiuvuta urefu wote wa kipande wakati unakunja, hata upande wa ndani unavutwa hadi kikomo, na tofauti ya mkazo kati ya nje na ndani inakaribia kuisha. Viwanda vya ndege hutengeneza mabati ya mwili wa ndege kwa njia hiyo.

Na mshono wa bomba? Uweke ubavuni, palipo na tabaka lisilovutwa wala kubanwa. Chuma cha mshono ni kigumu kuliko kilichobaki, na ukikiacha kizunguke ovyo, kipande kimoja kitarudi tofauti na jirani yake.

Je, kupasha moto kunaondoa mrudio?

Karibu wote. Chuma kilichokuwa chekundu kina kikomo kidogo sana, kwa hiyo hakina cha kurudishia. Lakini unabadilisha tatizo moja kwa jingine: kikipoa kwa upande mmoja haraka kuliko mwingine kinajipinda chenyewe, na hilo kulitabiri ni kazi ngumu kuliko mrudio. Alumini iliyokazwa kwa joto, kama T6, inapoteza nguvu yake pale ulipoichoma na hairudi nayo kwa kupoa tu.

Kwa bomba la GI (lililopakwa zinki) au bati la zinki, usifanye. Zinki inayeyuka kwenye takriban sentigredi 420 na kuchemka kwenye takriban 907. Moshi mweupe unaotoka unaleta homa, baridi na maumivu ya kifua saa chache baadaye. Pinda likiwa baridi.

Programu za kompyuta zinatabiri vizuri?

Zinatabiri mpasuko na kukunjamana vizuri kuliko mrudio. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa NUMISHEET, wa kukokotoa uundaji wa bati kwa kompyuta, uliofanyika Japani, watafiti walipewa umbo rahisi la U wakokotoe litakavyofunguka, na majibu yao yalitawanyika sana. Mrudio ni mabaki madogo ya mikazo mikubwa inayopingana, hivyo kosa dogo kwenye mkazo linakuwa kosa kubwa kwenye pembe.

Ugumu wa U ni kwamba ukuta wake unapita juu ya bega la dai: unakunjwa, kisha unanyooshwa. Chuma kilichovutwa upande mmoja hukubali mapema kikisukumwa upande wa pili, jambo lililoelezwa na Johann Bauschinger, mhandisi wa Munich wa karne ya 19. Tena, E yenyewe inashuka kadiri chuma kinavyonyumbuliwa, na kwa vyuma vya magari vya nguvu kubwa inaweza kushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Modeli (seti ya fomula) ya watafiti Yoshida na Uemori ya mwaka 2002 inayabeba yote mawili, na programu kubwa za uundaji wa magari zinayo. Modeli hiyo inahitaji vipimo vya maabara vya chuma chako mwenyewe. Bila vipimo hivyo unalipia picha nzuri za rangi. Kwa karakana ya mageti, viti na matangi, vipande viwili vya majaribio vinaishinda.

Hii ndiyo K ya kukatia bati?

Siyo. K inakuambia tabaka lisilovutwa liko wapi kwenye unene, kwa kawaida kati ya 0.33 na 0.5, ili ukate urefu sahihi. Mrudio unahusu pembe. Vinakutana mahali pamoja tu: vyote viwili vinategemea nusu kipenyo halisi.

Nipime vipi mrudio bila kifaa cha gharama?

Pima baada ya kuachia na kutoa kipande kwenye mashine. Kikiwa bado kimeegemea dai unapima dai. Weka mguu mmoja kwenye meza iliyonyooka, mwingine uuelekeze kwenye mraba wa chuma uliouthibitisha, halafu pima mwanya kwa umbali wa mm 300 kutoka konani. Kila mm 5.2 ni digrii moja. Kwa bomba, pimia sehemu iliyonyooka, mbali na mahali mkunjo unapoanzia, maana pale bomba huwa limebonyea kidogo na linadanganya.

Kipande kinaweza kuendelea kurudi usiku kucha?

Chuma laini hapana. Baadhi ya alumini na vyuma vya nguvu kubwa huendelea kufunguka taratibu kwa saa au siku, lakini ni kidogo.

Nimepitiliza sana. Nikirudisha kwa mkono kuna ubaya?

Kwa chuma laini na marekebisho ya digrii moja au mbili, hakuna. Utashangaa tu jinsi kinavyokubali upesi: ni lile jambo la Bauschinger tena, nguvu inayohitajika kukirudisha ni ndogo kuliko uliyotumia kukikunja, kwa hiyo sukuma kidogo kidogo la sivyo utapita upande wa pili. Alumini iliyokazwa usiirudishe konani; ufa unaanzia ndani ya kona, chini ya rangi, na hutauona siku unayokabidhi kazi. Steinlesi inarudishika, ila kila safari inaikaza zaidi, na mrudio uliopima asubuhi hautumiki tena kwa kipande hicho.